Usiniambie ni gesi

Maumivu ya kifua changu yalianzia Isongole, kule Rungwe, mkoani Mbeya, chini ya gunia la lumbesa.

Mimi ni mtu wa viazi. Nanunua viazi mviringo kwa wakulima wa Uporoto, nakusanya, napakia kwenye fuso, mzigo unakwenda Dar. Kazi yangu hasa ni simu, daftari na kubishana bei. Kubeba wapo wenyewe. Lakini Jumanne ile ya mwezi wa sita makuli wawili hawakutokea. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine alikuwa na pombe ya kimpumu kichwani tangu jana yake. Ukungu umeshuka mpaka barabara ya Tukuyu huioni, dereva anapiga honi na kulalamika kwamba akichelewa atalala Makambako kwa gharama zangu. Nikavua koti. Nikasema haya, leo tajiri anabeba.

Lumbesa, kwa asiyeijua, ni lile gunia lenye kilemba: limejaa hadi mdomoni, halafu limeongezewa juu na kushonewa kamba. Serikali inalikataza miaka yote, nasi tunalishona miaka yote. Kilo mia moja linazipita bila kuaga. Tulinyanyua kumi na nne, mimi na dogo mmoja wa palepale aliyekuwa ananicheka muda wote. Jioni nikarudi kwangu Ilomba, Mbeya mjini, najiona mwanaume. Nikala, nikaoga maji ya moto, nikalala.

Kesho yake hakuna kitu, mikono tu inauma. Siku ya tatu, nimeinama nafunga kamba za viatu, ndipo kikaja. Kushoto, pembeni kidogo ya mfupa wa kidari, kama mtu ameniwekea ncha ya bisibisi anaisukuma taratibu. Nikivuta pumzi ndefu, kinachoma. Nikicheka, kinachoma. Nikipiga chafya, naona nyota mchana.

Utauliza kwa nini sikuunganisha na magunia. Hata mimi najiuliza. Nadhani ni kwa sababu kilikuwa kushoto, na tangu shule ya msingi tunajua moyo uko kushoto. (Uko katikati, umeegemea kushoto. Hilo nimelijua juzi, nikiwa na miaka 28 na leseni ya biashara.)

Kabla wiki haijaisha kifua changu kilikuwa na majina manne, na kati ya walionipa majina hayo hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali.

Wa kwanza ni mama. Anaishi bondeni huko, njia ya kwenda Masoko, na kwake yeye baridi ya Mbeya mjini ndiyo mzazi wa magonjwa yote. "Hicho ni kichomi, mwanangu. Umelala bila fulana." Akaagiza nijikande kwa kitambaa cha maji ya moto na ninywe chai ya tangawizi. Kichomi si jina la kupuuzwa. Ndilo neno walilokuwa nalo wazee wetu kwa maumivu yanayochoma ukivuta pumzi, na mara nyingi walichokuwa wanakiona kilikuwa nimonia: utando unaofunika pafu ukivimba, kila pumzi unajikwaruza, mtu anapumua vipande vipande. Lakini nimonia kwa kawaida huja na ndugu zake, homa, kikohozi, mwili kulegea. Mimi homa sina, na ugali nakula kama kawaida.

Wa pili ni mwenzangu wa biashara. "Gesi hiyo." Huyu hata hakunyanyua macho kwenye simu. Mbeya yetu kila kitu ni gesi. Kichwa gesi, mgongo gesi, hata mteja akichelewa kulipa nadhani ni gesi. Wa tatu, mke wa mwenye nyumba wangu, akasema vidonda vya tumbo, kwa sababu ananiona sili mchana.

Wa nne ndio walionimaliza: vijana wa bajaji pale Kabwe. Mmoja akasema tu, bila ubaya wowote, "Kaka, angalia moyo. Unamkumbuka Foé?"

Namkumbuka. Tarehe 26 Juni 2003 nilikuwa na miaka saba, nimekaa chini kwenye kibanda cha video, baba mdogo amenilipia kiingilio. Kamerun na Kolombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara, kule Lyon. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé akaanguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa, hakuna mpira karibu. Picha ile ya macho yake sijaisahau, na nadhani kila mtoto aliyekuwa kwenye kibanda kile anayo mpaka leo. Baadaye tukaja kusikia kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida, ugonjwa ambao mtu huzaliwa na mbegu yake na anaweza kucheza mpira miaka yote asijue. Alikuwa na miaka 28.

Niambie wewe ungelalaje.

Nikaenda duka la dawa. Kijana aliyekuwepo akasikiliza nusu sentensi, "kifua upande huu", akakata diklofenaki, vidonge vya maumivu. Kutwa mara tatu. Kwa haki yake, zilifanya kazi. Siku tatu za kwanza bisibisi ikapoa. Ila mimi ni mtu wa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nameza kidonge cha kwanza kwa kahawa ya rangi kwenye kikombe cha mfuniko, tumbo tupu, natetemeka kwenye fuso. Cha pili nameza popote kitakaponikuta, cha tatu nikiwa nimeshajilaza. Zikiisha nanunua nyingine. Siku ya tisa kikaja kitu kipya: moto. Unaanzia pale panapoitwa chembe ya moyo, unapanda nyuma ya kidari hadi kooni, mdomo unakuwa mchungu. Nikilala chali unazidi. Nikajisemea, basi, umeshaingia ndani sasa.

Hebu tusimame hapo kwenye chembe ya moyo, maana nina ugomvi nayo. Weka kidole mbavu zinapogawanyika, juu ya kitovu, pale palipobonyea. Hapo ndipo Kiswahili kimepaita chembe ya moyo. Chini ya kidole chako kuna tumbo! Mfuko wa chakula na majirani zake. Mtu anayesema "chembe ya moyo inaniuma" anaweza kuwa anazungumzia kiungulia cha pilipili. Halafu huyo huyo, siku moyo wenyewe ukiwa na shida, maumivu yanaweza kujitokeza papo hapo, kwa sababu moyo hauna adabu ya kuuma mahali ulipo. Lugha imetuwekea mtego pande zote mbili.

Usiku wa Alhamisi, saa nane. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua. Moto kifuani umeniamsha, nikajikalia kitandani na simu. Nikaandika dalili zangu, nikasoma, nikasoma tena. Kila ukurasa unaanza na mshtuko wa moyo. Nikaanza kusikia mapigo yangu mwenyewe masikioni, du, du, du, kama mashine ya kusaga. Nikavuta pumzi ili nitulie, haitoshi, nikavuta nyingine, haitoshi. Vidole vikaanza ganzi. Midomo ikaanza ganzi. Mikono ikakakamaa kama ya mtu aliyeshika usukani. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba nakufa Ilomba, kwenye chumba chenye magunia matupu, na nywila ya simu naijua peke yangu.

Nilimgongea mwenye nyumba. Mkewe ndiye aliyefungua, akaniona, akapiga simu kwa mtu wa bajaji kabla sijamaliza salamu. Tukiwa njiani alinishika mkono akawa ananisalisha. Namshukuru mpaka leo, ingawa ile sala ya mtu anayeaga haikunisaidia mapigo.

Hospitali walinipokea vizuri, wacha niseme hilo. Ukisema kifua kinauma na huwezi kupumua, hawakuulizi bima kwanza. Presha ilikuwa juu kidogo. Muuguzi akanivua shati, akanipaka jeli sehemu sita kifuani (baridi ya ile jeli saa tisa usiku Mbeya nitawasimulia wajukuu), akabandika nyaya, nyingine mikononi na miguuni, mashine ikachora milima yake kwenye karatasi. Ndicho kipimo cha umeme wa moyo, wenyewe wanakiita ECG. Hakiumi, kinachukua dakika chache. Nikakaa kwenye benchi na karatasi yangu nisiyoweza kuisoma, nikihesabu milima.

Pembeni yangu alikuwepo dogo mmoja, mwanafunzi wa chuo, mrefu mwembamba kama mwanzi, amekaa ameinama mbele, anapumua juu juu bila kelele. Alikuja na kaka yake. Mimi nilikuwa napiga kelele, yeye kimya. Muuguzi alimtazama mara moja tu, akamwita daktari, wakamwingiza ndani wakaniacha na milima yangu. Kaka yake alinisimulia baadaye: alikuwa anajisomea, kifua kikachoma ghafla upande mmoja kama kisu, pumzi ikakata. Eksirei ikaonesha pafu moja limesinyaa, limetoboka na hewa imejaa kati ya pafu na mbavu. Wakamwekea mrija mbavuni kuitoa hewa. Nilikuja kuambiwa kwamba hilo huwapata zaidi vijana wa kiume warefu wembamba, na sigara inaongeza hatari. Ana miaka 21. Wote wawili tungesema neno lile lile dukani: "kifua kinauma".

Daktari aliyeniita alikuwa dada wa rika langu, amefunga skafu shingoni, ana kikombe cha chai kilichopoa zamani. Nikaanza kumwaga hadithi yangu na kuimalizia na Foé. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, kaka. Sasa tuanze upya. Nioneshe panapouma."

Nikaonesha kwa kidole. Hapa.

"Kidole kimoja," akasema, akaandika.

Halafu maswali, na haya ndiyo sababu ya mimi kukaa chini kuandika. Kilianza ukiwa unafanya nini? Kinachoma, kinabana, au kinaunguza? Ukivuta pumzi? Ukijigeuza kitandani? Ukiinama mbele kinapungua? (Utando unaofunika moyo ukivimba, watu wengi huumia zaidi wakilala chali na hupata nafuu wakikaa wameinama mbele. Na kwetu Afrika kifua kikuu ni moja ya visababishi vikubwa vya hilo.) Ukila? Ukipanda ngazi au mlima, kinakuja? Kikohozi cha muda gani, jasho la usiku, kupungua uzito? Umesafiri basi la mbali hivi karibuni, mguu mmoja umevimba? Hilo la mguu lilinishangaza. Akasema damu ikiganda kwenye mguu, bonge linaweza kukatika likasafiri hadi kwenye pafu. Huwapata waliokaa au kulala muda mrefu bila kusogea, waliofanyiwa upasuaji, na akina mama waliotoka kujifungua. Unavuta sigara? Unga? Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu unakunywa vingapi? Ulishawahi kuzimia ukicheza mpira au ukikimbia? Nyumbani kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana? Una selimundu, yaani sikoseli? Chumbani unalala na jiko la mkaa?

Hilo la mwisho likanipa aibu. Huwa naliingiza, nalitoa kabla ya kulala, mara nyingine nalitoa nikiwa nimeshasinzia nusu. Akanikazia macho. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, akasema, na kila kipupwe huku juu watu wanalala na jiko hawaamki. "Hiyo ndiyo gesi ya kuogopa." Nikamcheka mwenzangu wa viazi kimoyomoyo, kumbe gesi ipo.

"Na dawa gani umeshameza?"

Nikamwambia. Diklofenaki, siku tisa. Na kahawa. Na tumbo tupu.

Akaweka kalamu chini. Akanyanyuka, akaniambia nivute pumzi, akaanza kubonyeza kwa vidole viwili kando ya mfupa wa kidari, kutoka juu kushuka, kulia kwanza. Hakuna kitu. Akahamia kushoto. Ubavu wa pili, wa tatu, na alipofika wa nne niliruka nikakaribia kumwaga ile chai yake.

"Ndiyo yenyewe?"

Ndiyo yenyewe! Bisibisi yangu, pale pale, kwa kidole cha mtu mwingine.

Mbavu tunazo jozi 12, na saba za juu zinashikana na mfupa wa kidari kwa vipande vya gegedu, kile kitu cheupe kinacholialia ukitafuna kifua cha kuku. Ukibeba mzigo usiouzoea, au ukikohoa wiki nzima, viungio vile vinavimba. Moyo haukuguswa. Ni ukuta wa nyumba ndio ulioumia, si mwenye nyumba. Akasema katika vijana wanaokuja na kifua, ukuta huu ni kati ya visababishi anavyokutana navyo sana. Ila akaongeza jambo ambalo napenda mlisikie: pakibonyezwa pakauma, si kiapo kwamba moyo ni mzima. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ndiyo maana alitaka ile karatasi ya milima kwanza, na ndiyo maana aliuliza mengine yote. Milima yangu ilikuwa sawa. Presha alipima tena, imeshuka.

Moto wa nyuma ya kidari je? Huo, akasema, umeununua. Diklofenaki na jamaa zake zinapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo. Ukiongeza kahawa na njaa, tindikali inachoma tumbo na kupanda kwenye umio. Kidonge cha mwisho nilikuwa nameza nikiwa nimelala, hata maji hayatoshi kukisukuma. Tena dawa hizo zikizoeleka zinasumbua figo, zinapandisha presha, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari zaidi. Kumbe kwenye duka lile nilikwenda na maumivu mamoja nikatoka na mbegu ya mawili.

La tatu, lile la usiku, aliliita hofu ya ghafla. Nilibisha. Nikamwambia ganzi ya vidole siwezi kuibuni. Akasema hakuna aliyesema nimeibuni. Mtu akipumua haraka haraka anatoa hewa chafu nyingi kupita kiasi, damu inabadilika kidogo, na neva za vidole na midomo ndizo za kwanza kulalamika. Mwili unafanya kweli, si maigizo. Kwa kawaida inapanda hadi kileleni ndani ya dakika kama kumi, halafu inashuka, na anayeipitia anaamini anakufa. Alisema anawaona wengi, hasa vijana wenye mikopo, na akacheka kidogo. Mimi sikucheka kwa sababu fuso ile ya Jumanne ilikuwa ya mkopo.

Maumivu matatu kifua kimoja, na kila moja limezaa lingine.

Akanikataza diklofenaki. Akaniandikia omeprazo ya kupunguza tindikali, ya kumeza asubuhi nusu saa kabla ya kula, parasetamo kwa ajili ya mbavu, nisibebe kitu kizito, nisile nikalala papo hapo. Kwa sababu nilimwambia nina kakohozi cha muda, alinipa kikopo cha makohozi nipimwe TB. Kipimo bure, na majibu yalipokuja yakaonesha sina TB. Kama ningekuwa nayo, dawa zingekuwa bure pia, miezi sita, na wengi wa rika langu wanaomeza dawa za kifua za dukani mwezi mzima wangeokoa hela na mapafu kwa kikopo kile. Halafu akasema nikande pale panapouma kwa kitambaa cha maji ya moto.

Mama atasema nini akisikia hilo, nikawaza.

Nilikuwa na swali moja la mwisho, nikalitoa nimesimama mlangoni. Nikamkumbushia pia kwamba zamani, nikiwa sekondari, nilikuwa napigwa na kitu kama sindano chini ya chuchu ya kushoto nikiwa nimekaa tu darasani, siwezi kuvuta pumzi, nahesabu mpaka ishirini kinaondoka chenyewe. Hicho alikifahamu, akasema ni cha vijana na watoto, hakina madhara, wengi kinawaacha wakikua. "Sawa," nikasema, "sasa siku ikiwa moyo kweli nitajuaje?"

Hakuonesha kwa kidole. Alikunja ngumi akaiweka katikati ya kifua.

"Mara nyingi hufanya hivi. Wanasema kinabana, kinakandamiza, kama kuna mtu amekaa juu. Kinakuja ukipanda mlima au ukibeba kitu, ukipumzika kinaacha. Ikifika siku hakiachi, kinakwenda begani, mkononi, kwenye taya, jasho la baridi linatoka, unataka kutapika, hapo hakuna tangawizi wala kusubiri kuche. Kwa umri wako ni nadra, lakini si muujiza. Mwenye sigara, mwenye presha, mwenye sukari, anayeishi na virusi vya Ukimwi, mwenye baba aliyekufa kwa moyo mapema, huyo asijifariji na umri." Na yule anayezimia katikati ya mchezo, akasema, hata asipoumwa popote, asirudi uwanjani kabla ya kupimwa moyo. Kina Foé ndio hao.

Saa moja asubuhi nilitoka nje. Mlima Loleza ulikuwa na jua kileleni na mji chini bado uko kwenye kivuli. Mke wa mwenye nyumba alikuwa bado yupo, amejifunga kitenge mpaka masikioni. Nikamwambia ni mbavu. Akasema, "Mbavu?" kwa sauti ya mtu aliyeacha kitanda chake saa nane kwa ajili ya mbavu. Nikamnunulia chai na chapati mbili.

Kiungulia kilipona mapema. Mbavu zilichukua karibu wiki sita, na bado nikizibonyeza nazikumbuka. Yule dogo mrefu alitoka na mrija wake umeondolewa, nilikutana na kaka yake Mwanjelwa. Hofu ilirudi mara moja, usiku, nikaijua kwa sura. Nikakaa kitandani nikapumua polepole kama nilivyoelekezwa, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta, ikapita.

Mwezi wa nane nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi jikoni. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamsimulia yote tangu lumbesa. Nilipofika kwenye kitambaa cha maji ya moto akaacha kumenya. "Si nilikwambia?" Nikakubali, alinambia. Akafurahi sana, akaita na jirani aje asikie.

Jirani alipoondoka akasema, kama mtu anayeongelea mvua, kwamba hata yeye siku hizi chembe ya moyo inamsumbua. Gesi. Anakunywa maji ya magadi.

Ningemwambia pole mama, nikaendelea na ndizi. Sijui ni nini kilinifanya niulize.

"Inakuja lini, mama?"

"Nikipanda kutoka mtoni na ndoo. Nikifika pale kwenye jiwe nakaa, inaacha. Ndiyo gesi hiyo, inashuka ukikaa."

"Ukila inakuja?"

"Hapana."

"Ukibonyeza panauma?"

"Hapana. Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Nioneshe inaposhika."

Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi. Akaifuta kwenye khanga, akakunja ngumi, akaiweka katikati ya kifua.

Maji ya jioni hiyo nilichota mimi, na mbavu zangu zikalalamika njia nzima. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye costa ya kuja Mbeya. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amepakata mkungu mdogo wa ndizi. Nilipomuuliza ni wa nani, akasema wa yule daktari.